Kutu na Chesisi ya Lori Kuukuu

Jambo tutakalolizungumza nanyi leo si geni kwa mtu wa pwani, kwa maana kila mwenye jembe, panga au baiskeli hulijua. Jambo lenyewe ni kutu. Lakini hatutasema habari za kutu ya jembe. Twataka kusema habari za kutu inayokula chesisi ya lori, hasa lori lililokwisha kuzeeka kazini, mfano wa yale tuyaonayo hapa Makorora yakipakia saruji, mchanga na mbao, kisha yakashika njia ya Segera, ya Pangani au ya Horohoro.

Chesisi ni mifupa ya gari. Ni mihimili miwili mirefu ya chuma, kila mmoja umekunjwa kama mfereji, nayo imeunganishwa kwa vyuma vya kukatiza, mfano wa ngazi iliyolazwa. Juu ya ngazi hiyo hukaa injini, kibanda cha dereva, bodi na shehena. Chini yake hufungwa springi na magurudumu. Injini ikifa njiani, lori husimama, na hasara yake ni ya fedha na ya muda. Lakini chesisi ikikatika mteremkoni, na tani saba ziko juu, na utingo amekaa juu ya magunia, hasara yake haihesabiki kwa fedha.

Kutu huzaliwaje? Huzaliwa pale chuma, maji na hewa vinapokutana. Ukiondoa kimoja katika vitatu hivyo, kutu haina njia. Chumvi yenyewe haizai kutu, bali huiharakisha sana, kwa sababu kutu hufanyika kwa umeme mdogo mno upitao katika chuma na maji, na maji yenye chumvi hupitisha umeme huo upesi kuliko maji matupu. Tena chumvi huvuta unyevu wa hewani. Kwa hiyo chuma chenye chumvi hubaki kimelowa hata usiku usio na mvua, wakati mwenye lori amelala akidhani gari lake ni kavu.

Asiyesadiki na ajaribu nyumbani pamoja na watoto wake. Twaeni chupa nne na misumari minne iliyosuguliwa ikang'aa. Wa kwanza utieni katika chupa kavu, mkaifunge. Wa pili utieni katika maji ya bomba, nusu yake ibaki nje. Wa tatu utieni vivyo hivyo katika maji ya bahari. Wa nne upakeni grisi pande zote, kisha nao utieni katika maji ya bahari. Baada ya juma moja mtauona ule wa pili umeota kutu, na wa tatu pia. Lakini wa kwanza na wa nne mtaikuta haina dosari. Yote tutakayoyasema leo yamo katika chupa hizo nne.

Sasa, chumvi hulifikiaje lori la Tanga? Huletwa na upepo utokao baharini, kaskazi na kusi. Hudondoka katika barafu iliyeyukayo chini ya matenga ya samaki. Huja na mchanga wa pwani na magunia ya chumvi yenyewe. Wala shida hii si yetu peke yetu. Katika nchi za baridi watu humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na magari yao huliwa kama yetu. Mwaka 2016 kampuni ya Toyota ilikubali huko Marekani kumaliza shauri la chesisi zilizooza kwa kutu, shauri lililohusu magari yapatayo milioni moja na nusu ya aina za Tacoma, Tundra na Sequoia. Hayo hayakuwa magari makuukuu. Ikiwa chesisi changa zaweza kupatwa hivyo, lori lililotumika miaka thelathini lina haki ya kuangaliwa zaidi.

Wazee wetu wa pwani hawakungoja gari ili kulijua jambo hili. Mwenye jahazi hakukiacha chombo majini mwaka mzima. Alikipandisha pwani, akakikwangua, akakikausha, akakipaka deheni ya shahamu na chokaa chini, na sifa, yaani mafuta ya papa, juu. Adui wa mbao ni mwingine, lakini akili ni ile ile: safisha, kausha, kisha paka; tena fanya kwa majira yake. Basi lori nalo ni chombo, na bandari yake ni gereji.

Kwanza, kuosha. Lori lioshwe chini kila juma, na lililobeba samaki au chumvi lioshwe siku ile ile. Maji yawe ya bomba au ya mvua, si ya kisima chenye maji ya chumvi. Mpira uelekezwe ndani ya mfereji wa mihimili, nyuma ya vishikio vya springi, juu ya tangi la mafuta, na kila mahali vyuma viwili vilipolaliana. Matundu ya kutokea maji yazibuliwe, kwani tope lililojikusanya humo hushika unyevu kama sifongo.

Pili, kukausha. Majira mema ya kazi hii ni siku kavu za Januari na Februari, kabla ya masika. Lori lilale juani baada ya kuoshwa, wala lisipakwe kitu likiwa na unyevu.

Tatu, kukwangua. Magamba ya kutu yaondolewe kwa nyundo, patasi na brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Fundi avae miwani na afunge kitambaa puani, na watoto wasogezwe mbali, kwani rangi za zamani huweza kuwa na risasi, nayo ni sumu.

Nne, kupaka. Chuma kilichong'aa kipakwe siku hiyo hiyo, kabla ya umande wa usiku. Rangi ya kwanza iwe ya kuzuia kutu, na yenye zinki ni bora. Tangu mwaka 1837, Mfaransa Stanislas Sorel alipopata hati ya ugunduzi wake wa kufunika chuma kwa zinki, watu wamejua kwamba zinki hukubali kuliwa badala ya chuma. Ndiyo siri ya mabati ya nyumba zetu. Kingo za mihimili na vichwa vya ribiti vipakwe mara mbili zaidi, kwa kuwa hapo rangi hukaa nyembamba. Mahali ambapo brashi haifiki patiwe grisi laini au nta ya kuzuia kutu. Breki na mipira yake visiguswe kabisa.

Yapo mambo matatu ya kujihadhari nayo. La kwanza ni oili chafu ya injini. Wengi huimwagia chesisi wakidhani wameikinga. Huzuia maji kwa muda, kweli, lakini mvua huiosha ikaingia ardhini na visimani. Tena imethibitishwa kwamba ikigusa ngozi siku nyingi huweza kuleta saratani. La pili ni kuchomelea kipande cha bati juu ya chuma kilichooza. Kutu huendelea kula katikati ya vyuma hivyo viwili, na kwa kuwa hutaka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, huvisukuma hata ribiti zikakatika. Chuma kilichotoboka au kilichopungua unene hakiponywi kwa rangi. Sehemu hiyo haina budi kukatwa na kuwekwa nyingine, kwa mkono wa fundi ajuaye kazi ya chesisi.

La tatu ndilo baya kupita yote, nalo ni kupaka rangi juu ya kutu. Tuliwahi kuwaona vijana watatu wa tumbo moja waliokusanya akiba yao ya miaka kadhaa ili wanunue lori la kuchukulia machungwa ya Muheza. Walikuwa wamekwisha kutoa arubuni. Lori lilipakwa rangi nyeusi chini, likang'aa kama jipya. Wakamwita fundi mzee alitazame.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmegonga?"

Hawakuwa wamegonga. Mzee akaingia chini na nyundo ndogo. Mbele, chuma kilijibu kwa mlio mkali. Alipofika nyuma ya kibanda mlio ukawa mzito, kama wa gogo. Akagonga mara ya pili, na nyundo ikapita upande wa pili.

"Hiki si chuma, wanangu," akasema. "Hii ni rangi inayosimama peke yake."

Arubuni yao haikurudi. Hata hivyo waliondoka na mtaji uliosalia, na hakuna aliyekwenda kuzikwa kwa ajili ya lori lile.

Basi, wasikilizaji wetu, anayenunua lori kuukuu na agonge kabla ya kulipa. Aliye nalo na alikague kila miezi mitatu, kwa nyundo na tochi, akianzia mahali pasipoonekana, kwa maana kutu haianzii penye macho ya watu. Maji ya bomba, brashi ya waya na kopo la rangi si vitu vya tajiri. Kazi yake ni ya jasho na ya kurudiwarudiwa, nayo haina sifa, kwa kuwa hakuna apitaye njiani akasifu chini ya lori. Lakini utingo aliyekaa juu ya magunia amewekewa amana katika vyuma hivyo, naye hawezi kuvikagua gari likiwa mwendoni. Wa kumkagulia ni mwenye lori, kabla halijaondoka.