Wakati Ujao wa Karibu: Mwanafunzi wa Kiswahili na Kupanga Kazi Akiwa Chuoni



Naomba nianze na sarufi, kwa kuwa ndiyo iliyonilisha maisha yangu yote. Kihaya, lugha niliyokua nayo kule Nshamba, wilayani Muleba, kina njeo mbili za wakati ujao. Kwa jambo litakalotokea hivi karibuni hutumika kiambishi -laa-. Kwa jambo la siku za mbali, pengine siku isiyojulikana, hutumika -li-. Kiswahili hutosheka na -ta- kwa yote mawili. Tena -li- hiyo hiyo, katika Kiswahili, ni ya wakati uliopita. Mtoto wa Kihaya anapoanza shule hugundua kwamba umbo ambalo nyumbani humwelekeza mbali mbele, darasani humrudisha nyuma.

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wapya watafanya kazi gani baada ya kuhitimu. Hunijibu kwa -ta-, lakini nikiwasikiliza vizuri nasikia -li- ya Kihaya: siku moja, Mungu akipenda, mambo yatakapokuwa mazuri. Hoja yangu jioni ya leo ni kwamba kwa mwanafunzi wa Kiswahili kazi ni jambo la -laa-, na kwamba lawama ya kutolijua hilo haimwangukii yeye peke yake.

Sisi wa rika langu tulirithi utaratibu mwingine kabisa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kudahiliwa chuo kikuu. Nilipofika chuoni mwanzoni mwa miaka ya 1980 niliwakuta watu wazima madarasani: waliowahi kuwa makarani, waliowahi kufundisha shule za msingi, wenye ndoa na watoto. Sitaki kuusifu mpango ule kupita kiasi, maana uliwachelewesha wengi na wengine haukuwarudisha masomoni kabisa. Hata hivyo watu wale walikuwa na sifa moja niliyowaonea wivu. Walijua walichokosa. Aliyekuwa karani wa mahakama aliisoma semantiki akiwa na maswali aliyotoka nayo kazini. Mimi niliisoma nikiwa na kalamu tu. Na ulipohitimu, serikali ilikupangia kituo. Kupanga kazi halikuwa jukumu lako, ulisubiri barua.

Kwa kada nyingi utaratibu huo ulikoma katika miaka ya 1990, pale serikali ilipolazimika kupunguza watumishi wake kwa masharti ya marekebisho ya uchumi. Ualimu ulibaki kuwa mlango ulio wazi hadi katikati ya miaka ya 2010, kisha nao ukawa mwembamba. Barua haikuja tena, lakini sisi walimu tuliendelea kushauri kana kwamba tarishi yuko njiani.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Mwaka 2012 kijana mmoja wa Nshamba, ambaye sitamtaja jina, alikuja ofisini kwangu akiwa mwaka wa pili. Alisoma Kiswahili na isimu bila somo la ualimu. Aliniuliza, kwa adabu ya kwetu, kwamba mzee wangu, hiki ninachosoma hufanyiwa nini? Nilimjibu: soma kwanza, kazi zitakuja. Nililisema hilo kwa upendo, na nikarudi kwenye makala niliyokuwa nikiihariri.

Kijana huyo alilelewa na bibi yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata vijiji vyetu vilizika watu wa umri wa kazi. Nshamba ilijulikana mbali kwa sababu ya yatima wake. Mradi wa Humuliza, ambao jina lake kwa Kihaya linahusu kufariji, ulifanya kazi huko huko kuwasaidia watoto kuubeba msiba. Tunapoihesabu hasara ile hutaja karo, chakula na mashamba. Mara chache hutaja kwamba waliozikwa ndio waliokuwa wakiijua njia: baba mdogo aliyewahi kufanya kazi Mwanza, shangazi aliyejua barua ya maombi huandikwaje na hupelekwa kwa nani. Bibi alimpa kijana yule kibanja chenye migomba na kahawa, na alimpa dua. Ramani ya mjini hakuwa nayo. Aliileta hoja yake kwangu kwa sababu hakuwa na baba mdogo, nami sikulitambua swali lake.

Alihitimu mwaka 2013 akarudi nyumbani. Wahaya tunataniwa kwa kupenda vyeo vya usomi, na utani huo humuumiza sana mtu mwenye shahada anayepalilia migomba. Baada ya muda alipata kibarua cha kupiga chapa katika steshenari mjini Muleba. Wateja walimletea barua za Kiingereza wasizozielewa: za benki, za mabaraza ya ardhi, za hospitali. Akaanza kuwatafsiria kwa malipo madogo. Akagundua kwamba neno moja likikosewa katika barua ya ardhi mtu hupoteza shamba, na akaanza kutengeneza daftari lake la istilahi. Leo anaishi kwa tafsiri. Tulipoonana miaka kadhaa baadaye aliniambia, bila kinyongo, kwamba daftari lile angeweza kulianza akiwa mwaka wa pili.

Ndivyo ilivyo. Tazameni mambo yalivyokwenda tangu hapo. Umoja wa Afrika, ambako Rais Joaquim Chissano alihutubia kwa Kiswahili mwaka 2004, uliifanya lugha hii kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. SADC iliikubali kuwa lugha rasmi ya nne mwaka 2019. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na hivyo kufungua kazi kubwa ya kutafsiri sheria zilizokuwa zimeandikwa kwa Kiingereza tangu ukoloni. Mwaka huo huo UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tulishangilia kila tangazo. Wachache kati yetu walikaa chini wakauliza kila tangazo linamhitaji mtu wa namna gani, na mtu huyo huchukua miaka mingapi kuandaliwa.

Chukueni ukalimani. Mkutano wa SADC hauhitaji mtu ajuaye Kiswahili tu; wapo mamilioni. Unamhitaji anayesikia Kireno au Kifaransa na kusema Kiswahili papo hapo, bila kuirukia sentensi na bila kuachwa nayo. Lugha ya tatu haipatikani katika miezi mitatu baada ya mahafali. Shahada ya kwanza ina mihula sita. Anayeianza lugha hiyo muhula wa kwanza anaweza kufika, anayeianza muhula wa tano atafika amechelewa. Hesabu hii ni rahisi mno, nami naona aibu kwamba katika miaka yangu ya mwanzo sikumwonyesha mwanafunzi hata mmoja.

Tafsiri ya sheria nayo haimtaki mwanaisimu aliyewahi kusikia neno “rufaa” tu. Inamtaka aliyekaa mahakamani akasikiliza. Mahakama za mwanzo zimeendesha mashauri kwa Kiswahili miaka mingi, na huhitaji kibali cha mkuu wa idara ili kwenda wakati wa likizo kusikiliza kesi iliyo wazi kwa umma.

Wapo wanaodhani kwamba lugha za nyumbani hazimo katika hesabu hii. Mwaka 1994, watu zaidi ya laki mbili walipovuka Rusumo kutoka Rwanda kwa siku mbili, mashirika yaliyofika Ngara yalikuta kwamba Kihangaza cha wenyeji kinakaribiana mno na Kirundi na Kinyarwanda. Lugha isiyofundishwa shuleni hata siku moja ikawa na thamani asubuhi moja. Na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokaa Arusha hadi mwaka 2015, isingeweza kumsikia shahidi bila mkalimani wa Kinyarwanda. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, ulionyesha kazi nyingine: kukusanya, kupanga, kuandika kamusi. Katika chuo hicho hicho, mwaka 2004, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi kama hiyo haimaliziki bila watu wa lugha kuketi meza moja na wahandisi wa kompyuta, na wanaohitajika leo kwa ajili ya mashine zinazosikia na kusema Kiswahili ni wengi kuliko wakati ule.

Mwenzangu mmoja, msomi ninayemheshimu, huniambia kwamba chuo kikuu si karakana, na kwamba tukianza kumpimia mwanafunzi masomo kwa soko tutaiua fasihi na isimu ya kihistoria. Nakubali nusu. Mimi mwenyewe nimetumia miaka mingi juu ya toni za Kihaya, na hakuna aliyewahi kuninunulia toni. Lakini kijana wa Nshamba hakuniomba nifute isimu. Aliniuliza hufanyiwa nini. Swali la matumizi ni swali la isimu pia, na nilikuwa na majibu yake kabatini: ripoti, anwani za wafasiri, majina ya wahariri niliosoma nao. Sikulifungua kabati.

Sasa kila mwanafunzi ninayemsimamia huandika ukurasa mmoja katika muhula wa kwanza: kazi anayoitaka, lugha ya tatu atakayojifunza, mtu mmoja anayeifanya kazi hiyo na tarehe atakayokwenda kumwona. Ukurasa huo huandikwa upya kila muhula, na wengi hubadili kazi mara mbili au tatu; hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni nafasi ya tarehe, kwa sababu ndiyo huachwa wazi mara nyingi. Hapo huwarudishia karatasi.

Mwezi Desemba nitakwenda nyumbani. Kijana wa steshenari ameniomba nimpelekee wanafunzi wawili wa likizo wamsaidie kazi, na ametaka wawe wa mwaka wa kwanza. Wanaopenda waandikishe majina yao kwa katibu wa idara kabla ya Ijumaa.