Ruhusa ya Mwajiri wa Ng'ambo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Maseno)



Kamati ya tawi imetutuma tuseme nanyi juu ya jambo ambalo siku hizi laleta watu wengi ofisini petu kuliko hata jambo la mshahara. Ni habari ya kazi za ng'ambo, hasa za Uingereza. Hatukuja kumzuia mtu kwenda. Mtu aliyesomea uuguzi miaka mitatu, kisha akakaa nyumbani miaka mingine miwili bila kuandikwa kazi, hatuna haki ya kumwambia akae aangalie ziwa. Tulilokuja kusema ni jinsi mwajiri wa huko anavyopata ruhusa ya kumwita mfanyakazi kutoka nje. Habari za pasipoti na viza twazijua sote. Habari za ruhusa ya mwajiri wengi wetu hatuzijui, na hapo ndipo fedha zetu zinapoliwa.

Jambo lenyewe si geni katika nchi hii. Reli ya Butere ipitayo hapa kwetu ni tawi la ile reli iliyofika ziwani Kisumu, zamani pakiitwa Port Florence, mwezi wa Desemba 1901. Waliotaka kuijenga walihitaji watu kutoka India, lakini hawakuweza kuwachukua hivi hivi. Ilibidi kwanza Serikali ya India ikubali, nayo ikataka masharti: mapatano ya kazi ya miaka mitatu, mshahara uliotajwa, posho, na nauli ya kurudi kwao. Walikuja watu karibu 32,000. Karibu 2,500 kati yao walikufa kazini, wengi kwa maradhi, na wapatao 6,700 walibaki hapa kazi ilipokwisha. Twataja habari hii kwa sababu moja. Hata katika siku zile za ukoloni, mwenye kutaka watu ndiye aliyekwenda kuomba ruhusa, na gharama ya kuwaleta ilikuwa juu yake. Mfanyakazi hakuuza ng'ombe ili mwajiri apate ruhusa.

Na hapa Kenya leo ni vivyo hivyo. Kampuni ikitaka kumleta fundi kutoka nje, yapaswa kuomba kibali kwa Idara ya Uhamiaji, ionyeshe kwamba Mkenya wa kazi ile hakupatikana, na aghalabu huambiwa itaje Mkenya atakayefundishwa kazi hiyo ili aishike baadaye. Kama sharti hilo lafuatwa sawasawa ni maneno ya mkutano mwingine, nayo yatakuwa marefu.

Basi twende Uingereza. Huko mwajiri anayetaka mtu wa nje lazima kwanza awe mdhamini, na ili awe mdhamini apate leseni kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani. Maombi huandikwa kwa intaneti, kisha hupeleka hati za kuonyesha kuwa kazi yake ni ya kweli: hati za kodi, za benki, za bima, za mahali anapofanyia kazi. Kwa kawaida hutakiwa hati zisizopungua nne. Kama ni kazi ya kutunza wazee katika Uingereza yenyewe (huko Scotland na Wales wana taratibu zao), lazima pia awe ameandikishwa na tume inayokagua nyumba za matunzo. Lazima ataje mtu wake mmoja wa cheo atakayejibu kwa Serikali kila neno la udhamini likiharibika. Wakubwa wake wakiwa wamepata kuhukumiwa kwa udanganyifu au kwa makosa ya uhamiaji, huweza kukataliwa. Maafisa waweza kufika kwake kutazama, hata bila kubisha hodi, kabla ya leseni na baada yake. Maombi mengi hujibiwa kabla ya majuma manane kwisha.

Mwajiri akipewa leseni huwa katika daraja la A. Akilegea hushushwa daraja la B, na akiwa huko hawezi kuita watu wapya kutoka nje mpaka ajirekebishe. Akifanya vibaya zaidi, leseni hufutwa.

Sasa tafadhali sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kiini cha habari. Leseni peke yake haimwiti mtu. Kwa kila mfanyakazi aliye nje, mwajiri huomba tena cheti cha udhamini, akitaja kazi ni ipi, saa ngapi kwa juma, na mshahara kiasi gani. Serikali ikikubali, ndipo anapompa mtu cheti hicho, na mtu anayo miezi mitatu ya kukitumia kuombea viza. Jina ni cheti, lakini si karatasi. Ni nambari tu, imo katika vitabu vya mashine vya ile Wizara. Haina muhuri mwekundu, haina utepe, haina picha ya taji la mfalme.

Twasema hivi kwa sababu karibuni mwanachama mmoja alituletea karatasi nzuri sana, yenye mihuri mitatu, imeandikwa kwa Kiingereza cha fahari kwamba ni cheti cha udhamini. Wakala mmoja alimwambia alipe shilingi 380,000 apewe na nakala ya pili. Mamake alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa kipande cha shamba. Tulikaa nayo mezani jioni nzima. Kazi iliyotajwa ilikuwa ya kutunza wazee, na tarehe ilikuwa ya baada ya Julai 2025. Tulimwambia kijana yule mambo mawili tu: cheti hakipigwi muhuri, na mlango wa kazi hiyo kwa watu walio nje ulikuwa umekwisha kufungwa. Shamba bado ni la mamake.

Juu ya mlango huo yafaa tueleze zaidi, maana wapo mawakala wanaouza hata leo kitu kisichokuwapo. Kazi ya kutunza wazee na wagonjwa majumbani ilifunguliwa kwa watu wa nje Februari 1922 — la, si 1922, ulimi huzoea habari za zamani — ilikuwa Februari 2022. Watu wengi sana wakaenda. Machi 2024 wakakatazwa kwenda na wake, waume na watoto wao. Tarehe 22 Julai 2025 maombi mapya kutoka nje yakafungwa kabisa kwa kazi hiyo. Wauguzi wenye sifa kamili hawakufungiwa, lakini nao wana njia yao. Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano Julai 2021, na kanuni za Uingereza zikaiweka Kenya katika orodha ya rangi ya manjano. Maana yake ni kwamba mwajiri wa huko asiokote wauguzi wetu ovyo, ila afuate mapatano ya serikali hizi mbili. Kwa maoni yetu orodha hiyo ni ya haki. Wodi zetu zina upungufu wa wauguzi, na huku muuguzi mwenyewe yuko nyumbani hana kazi. Lakini hilo la pili ni deni la Serikali yetu, wala si la Waingereza.

Je, nani alipe? Tangu Aprili 2025 ada ya leseni ilikuwa pauni 574 kwa mwajiri mdogo na 1,579 kwa mkubwa, na kila cheti pauni 525. Tena ipo tozo nyingine ambayo waajiri wengi huitoa kwa kila mwaka wa mfanyakazi wa nje. Tozo hiyo sheria haikumruhusu kamwe mwajiri kumbebesha mfanyakazi. Na tangu tarehe 31 Desemba 2024 kanuni zimemkataza pia kumdai ada ya leseni na ada ya cheti. Akifanya hivyo leseni yake yaweza kufutwa. Mfanyakazi hulipa vitu vyake mwenyewe, kama pasipoti, kupimwa kifua kikuu, mtihani wa Kiingereza, na viza isipokuwa mwajiri amekubali kuilipa. Basi mtu akikuambia, "Toa fedha tukununulie cheti cha udhamini," usimwulize bei. Hicho hakiuzwi. Ama anakuibia, au yule mwajiri anavunja sheria ya kwao, na mwajiri aliyeanza kwa kuvunja sheria si mwajiri wa kumfuata umbali ule.

Wengine watasema: kama nimefika, nimefika, ruhusa ya mwajiri yanihusu nini tena? Yakuhusu sana. Viza ya namna hii imefungwa na mwajiri mmoja. Ukikosekana kazini siku kumi za kazi mfululizo bila ruhusa, yeye yampasa kuipasha habari Serikali. Na leseni yake ikifutwa, hata kwa kosa ambalo wewe hukulijua, viza yako hupunguzwa, na kwa kawaida hupewa siku 60 upate mdhamini mwingine au uondoke. Jambo hili si la kufikirika. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 Serikali ya Uingereza ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa kazi za matunzo, na wafanyakazi waliohusika na waajiri hao tangu Oktoba 2022 walipita 39,000. Fikirini, ndugu. Mtu amelipia safari kwa ng'ombe wa mahari ya nduguye, amefika katika mji wa baridi, anapewa saa kumi za kazi badala ya thelathini na tisa alizoahidiwa. Akilalamika, mwajiri amwambia, "Nitarudisha cheti chako." Ananyamaza. Kisha leseni yenyewe yafutwa, naye ahesabu siku 60.

Wenzetu wa chama cha UNISON, ambacho ni chama kikubwa cha wafanyakazi wa huduma za umma huko, wamepigania jambo hili, wakitaka mfanyakazi asifungwe na mwajiri mmoja. Mtu mwenye viza ya kazi ana ruhusa ya kujiunga na chama huko kama mwenyeji. Twawaomba wanachama wanaokwenda wasingoje kupata taabu ndipo waulize chama kiko wapi.

Nchi za Ghuba zina utaratibu wao, na humo mamlaka ya mwajiri ni mazito zaidi. Saudi Arabia ilipolegeza kanuni za kubadili mwajiri mwezi Machi 2021, watumishi wa nyumbani waliachwa nje, nao ndio wengi wa dada zetu waendao huko. Habari zao tutazitolea karatasi yake.

Imebaki kusema mtu afanye nini. Jina la kila mwajiri mwenye leseni limo katika daftari ambalo Serikali ya Uingereza huliweka wazi katika intaneti, pamoja na mji wake, daraja lake na aina ya kazi aliyoruhusiwa. Kulitazama ni bure. Jina lisipokuwamo, hana ruhusa ya kukuita leo, hata kama barua yake ina picha ya jengo refu. Jina likiwamo, bado usimalize hapo, kwa kuwa wapo wezi wanaoazima jina la hospitali ya kweli. Andika barua kwa hospitali yenyewe kwa anwani yake uliyoitafuta mwenyewe, si ile uliyopewa na wakala, uulize kama wakujua. Wakala wa hapa naye awe ameandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Orodha yao ipo.

Tena iko sheria yetu wenyewe, ambayo mawakala wengi hawaitaji. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 83, yasema mapatano ya kazi ya nje ya nchi lazima yawe katika maandishi ya namna iliyowekwa na yathibitishwe na afisa wa kazi. Kifungu kinachofuata chamtaka afisa huyo ahakikishe kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari yake, hakudanganywa, na ameyaelewa maneno aliyotia sahihi. Kifungu cha 85 chahusu dhamana ya fedha inayotakiwa kwa mwajiri aliye nje, na cha 86 chamfanya mkosaji mtu anayemshawishi mwingine aende kazini ng'ambo bila mapatano hayo. Kwa hiyo wakala akikuambia kwamba mambo ya afisa wa kazi yanachelewesha safari, mwulize anaogopa nini.

Kamati imekubali hivi: mwanachama yeyote, au mtoto wa mwanachama, aliyepewa karatasi ya kazi ya ng'ambo alete nakala ofisini kabla ya kutoa hata shilingi moja. Tutalitazama daftari pamoja naye. Ikionekana njema, watu wawili wa kamati watafuatana naye hadi Kisumu kwa afisa wa kazi, na nauli ya hao wawili itatoka katika mfuko wa tawi. Walio na karatasi leo wabaki nyuma mkutano ukiisha.