Mchambuzi wako wa siasa, unampendea nini?

Wenzangu, tuulizane ukweli: yule mchambuzi unayemfuata, anakuelimisha ama anakufurahisha tu?

Kumbukeni Agosti 2022. Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 zilikuwa zinawekwa kwenye tovuti ya IEBC, kila mtu azione. Runinga zikajumlisha, kila moja ikaja na hesabu yake. Wengi wetu tukahamia ile iliyoonyesha mtu wetu anaongoza, si ndio? Na haikuwa uchawi: kila moja ilikuwa imefikia fomu tofauti.

Mwanahabari wa kushikilia ni yule anayekwambia amehesabu fomu ngapi na zimebaki ngapi. Akikosea, anajisahihisha hadharani. Mfuate huyo, hata siku hesabu yake inakuuma.