Tusimwache Mwenzetu Peke Yake Kwenye Sinia

Ndugu wanachama,

Miongoni mwetu wapo wenye kisukari walioshauriwa kupunguza wanga. Siku za mwanzo wanajitahidi kweli. Halafu inakuja harusi au tanga, sinia la wali linawekwa, jirani anasema: "Kula bwana, kwani utakufa leo?" Juhudi ya mwezi mzima inaishia hapo. Maneno ya watu ndiyo yanayomshinda, kuliko hata njaa.

Tulielewe jambo lenyewe. Katika gramu 100 za unga wa sembe, zaidi ya gramu 70 ni wanga, na wanga ukiliwa hugeuka sukari mwilini. Soda ya kawaida ya mililita 300 ina sukari kama gramu 30, yaani vijiko 7 hivi vya chai.

Basi tufanye hivi:

1. Nyumbani wote tupunguze ugali, tuongeze mchicha, dagaa na mayai. Mgonjwa asipikiwe chungu chake kama aliyetengwa.

2. Kila mwenye kisukari awe na mwenzake wa kumwuliza kila Jumamosi: "Wiki hii vipi?" Akiteleza asichekwe, aanze tena kesho.

3. Kwenye shughuli, soda zikiletwa, na maji ya kunywa yaletwe.

Lakini angalieni sana: anayetumia vidonge vya kisukari au sindano ya insulini aonane na daktari kwanza, maana sukari inaweza kushuka mno. Akitetemeka na kutoka jasho, apewe maji ya sukari mara moja.

Ndugu, kidole kimoja hakivunji chawa.