Nani Amlipe Mtangazaji wa Umma?



Je, kila kaya ilazimishwe kulipa ada kwa sababu ina televisheni ndani? Nchi nyingi zimeshalijibu swali hili, na baadhi zimelijibu mara mbili tatu, kila jibu likitengua lililotangulia. Kwetu Tanzania halijapata kuulizwa kwa uzito. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Bara tulisubiri hadi 1994 vituo binafsi vilipoanza, na televisheni ya serikali ikaja nyuma yao. Sasa, hata hivyo, swali liko mlangoni. Mwaka 2022 bajeti ya serikali ilipendekeza tozo ya kati ya shilingi 1,000 na 3,000 kwa watumiaji wa ving'amuzi vya kulipia. Siku moja mtu atasimama bungeni na kusema kwamba tozo ya namna hiyo itunze televisheni ya taifa, na siku hiyo nataka itukute tumeshafikiri.

Naanza na Uingereza kwa sababu moja mahususi: sehemu ya ada inayolipwa kule imetumika kuzungumza nasi. Ada hiyo ilianza na redio mwaka 1922, shilingi kumi za Kiingereza kwa mwaka. Juni 1946, vita vimekwisha na matangazo ya picha yamerejea, ikawekwa leseni ya televisheni ya pauni 2. Aprili 2025 ilipandishwa hadi pauni 174 na nusu kwa kaya, na fedha hiyo ndiyo uti wa mgongo wa BBC. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza Juni 1957, ililipiwa kwa miaka mingi na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, pamoja na idhaa nyingine za dunia. Mwaka 2014 mzigo huo ukahamishiwa kwenye ada ya kaya. Kwa hiyo msikilizaji wa kipindi chake cha Dira ya Dunia aliyekaa Tanga au Bukavu amekuwa akihudumiwa, kwa sehemu fulani, na mstaafu wa Leeds asiyejua neno la Kiswahili. Tuliokua na idhaa hiyo tuna deni la kuizungumzia ada ile kwa haki.

Haki ya kwanza ni kukiri kwamba wazo lake ni zuri. Mtangazaji anayelishwa na tangazo la sabuni humtumikia mwenye sabuni, na anayelishwa na hazina humtumikia waziri. Waliobuni ada walitaka mtangazaji alishwe moja kwa moja na msikilizaji, ili amwogope msikilizaji huyo na si mwingine. Sijaona wazo la kulipita hilo, na yote nitakayosema jioni hii kuipinga ada ya kaya nayasema kama mtu anayetaka wazo hilo liishi.

Tatizo limo katika namna ya kuikusanya. Ada ni ileile kwa jumba la kifahari na kwa chumba kimoja cha kupanga. Kutazama bila leseni ni kosa la jinai, na faini yake yaweza kufika pauni 1,000. Hafungwi mtu kwa kukosa leseni, lakini aliyeshindwa kulipa faini aliyotozwa na mahakama anaweza kufungwa. Kinachonisumbua zaidi ni nani hasa wanaofikishwa mbele ya hakimu. Kwa miaka kadhaa mfululizo, zaidi ya asilimia 70 ya waliotiwa hatiani kwa kosa hili wamekuwa wanawake. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mkaguzi anapobisha hodi mchana, mwanamke ndiye aliye nyumbani na ndiye anayefungua mlango. Kwa maneno mengine, sheria inaandikwa juu ya kaya, lakini aibu inamwangukia mama aliyekuwa karibu na mlango. Mimi sioni kipindi chochote cha televisheni, hata kiwe bora namna gani, kinachostahili gharama hiyo.

Tena ada yenyewe, kama ngao dhidi ya waziri, ina matundu. Bei ya ada hupangwa na serikali, na serikali za London zimetumia nafasi hiyo kila zilipobanwa. Mwaka 2010 ada iligandishwa kwenye pauni 145 na nusu kwa miaka kadhaa, na katika mapatano hayohayo BBC ikabebeshwa idhaa za dunia nilizozitaja. Mwaka 2015 ikatwishwa gharama ya leseni za bure za wazee waliotimiza miaka 75, nayo, ilipoona haiwezi, tangu Agosti 2020 ikawabakizia msamaha wazee wanaopata nyongeza ya pensheni kwa ajili ya umaskini tu. Mwaka 2022 ada ikagandishwa tena kwa miaka miwili. Mtangazaji halishwi moja kwa moja na waziri, ni kweli, lakini waziri ndiye anayeshika kijiko.

Ukitaka kuona ada ikifa kabisa, nenda Afrika Kusini. Leseni ya televisheni kule ni randi 265 kwa mwaka, na zaidi ya kaya nane katika kila kumi zinazodaiwa hazilipi. Wapo wasio na uwezo. Wapo pia wenye uwezo waliochoka kusoma habari za ufisadi na hasara ndani ya SABC, mtangazaji wa umma wa huko, wakaamua hawachangii. Shirika limetuma barua za madai na mawakala wa kudai madeni, na mapengo hayajazibika. Kodi inayotegemea hiari hufuata imani, na imani ikishaondoka hairudishwi na barua ya wakili.

Nchi nyingine zikaamua kuifunga ada mahali ambapo mtu hawezi kuikwepa. Italia mwaka 2016 iliiingiza kwenye ankara ya umeme, na ukwepaji ukaporomoka. Ujerumani tangu 2013 haiulizi tena kama una televisheni: kila makazi yanachangia, na tangu 2021 kiwango ni yuro 18 na senti 36 kwa mwezi. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilikubali utaratibu huo, kwa hoja kwamba kinacholipiwa ni fursa ya kupata matangazo, utumie usitumie.

Wataalamu wa fedha watatuambia tufanye kama Italia, maana mita za umeme za LUKU tunazo. Nawaomba wakumbuke Agosti 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kwenye ununuzi wa umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Makusanyo yalirahisika. Lakini kodi ya mwenye nyumba ikakatwa kwa anayenunua umeme, na anayenunua umeme katika Manzese, Mabatini au Ngarenaro mara nyingi ni mpangaji. Wapangaji wakaambiwa wapatane na wenye nyumba wao, kana kwamba mpangaji ana ubavu wa kumdai mwenye nyumba anayeweza kumpandishia kodi mwezi ujao. Ada ya televisheni ikipitia mita hiyohiyo itatua begani kwa watu walewale. Na kijijini ambako umeme haujafika, ambako redio ya betri ndiyo kila kitu, mita haitamwona mtu kabisa, ingawa yeye ndiye anayemhitaji mtangazaji wa umma kuliko sisi sote tuliomo ukumbini.

Kuna wanaosema: basi tuache, anayetaka kutazama anunue kifurushi. Soko limeshatuonyesha mipaka yake. Agosti 2018 chaneli za bure ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku kwa agizo la mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwa kuwa leseni za kampuni hizo hazikuruhusu kuzibeba. Kisheria hoja ilikuwepo. Kwa mwananchi aliyekuwa ameshanunua king'amuzi chake, matokeo yalikuwa kwamba ili aone taarifa ya habari ya bure alihitaji king'amuzi cha pili. Kifurushi humhudumia mwenye kifurushi. Mashindano ya mpira yatapata mnunuzi daima, ila sidhani kama yupo mfanyabiashara atakayelipia kipindi cha kilimo cha mtama, au kikao cha kamati ya hesabu za serikali.

Kikao cha Bunge kinanifikisha kwenye kiini cha mhadhara huu. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba shirika la utangazaji la taifa, TBC, halitarusha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge. Sababu iliyotolewa na waziri mwenye dhamana ni gharama: shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Wabunge wa upinzani walipinga, na polisi wakaingia ukumbini. Nawaomba tuichukue sababu ile kama ilivyotolewa, tuipige hesabu. Sensa ya 2012 ilihesabu kaya zaidi ya milioni tisa. Gawanya bilioni 4.2 kwa kaya hizo, na hupati hata shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka mzima. Kama kweli fedha ndiyo ilikuwa kikwazo, hapakuwa na kaya iliyoulizwa kama iko tayari kutoa bei ya chapati moja ili imwone mbunge wake akisema au akisinzia.

Haikuulizwa kwa sababu utaratibu wetu hauna mahali pa kumwuliza mtazamaji. TBC hupata ruzuku serikalini na kujazia kwa matangazo ya biashara. Mkurugenzi Mkuu wake huteuliwa na Rais. Katika mpangilio huo mtazamaji hana mlango wowote: si mlipaji anayetambulika, si mteuzi, wala hasikilizwi bei inapopangwa. Ukiongeza ada juu ya mpangilio huo bila kuubadili, utakuwa umemtoza mwananchi ili azidi kuhutubiwa.

Finland wamenivutia. Tangu 2013 wameondoa ada ya kaya na kuweka kodi ya mtu mmojammoja inayokua na kipato, yenye kikomo juu, na mwenye kipato kidogo halipi kitu. Fedha huingia kwenye mfuko ulio nje ya bajeti ya kawaida, na baraza linalosimamia shirika huchaguliwa na Bunge. Hatuwezi kuiga kodi yenyewe, maana wengi wetu kipato chetu hakipiti kwenye orodha ya mishahara. Lakini tayari tunalipa ushuru wa bidhaa kwenye huduma za mawasiliano, kila tununuapo muda wa maongezi au bando. Anayetumia sana hulipa sana. Sehemu ndogo ya ushuru huo, iliyotajwa kwa asilimia ndani ya sheria, ingemlisha mtangazaji wa umma bila mkaguzi kubisha hodi kwa mtu na bila kumgusa mpangaji kupitia mita.

Kutoka Ujerumani ningechukua jambo moja tu. Kule mahitaji ya mtangazaji hukaguliwa na tume huru ya wataalamu, na jimbo moja lilipokataa nyongeza ya senti 86, Mahakama ya Katiba ilisema Agosti 2021 kwamba jimbo halikuwa na haki ya kuizuia kwa namna ile. Tume ya aina hiyo kwetu ingepanga kiwango kwa miaka mitano mitano, ili uchaguzi mkuu usiwe msimu wa kumbana au kumbembeleza mtangazaji. Na Mkurugenzi Mkuu apatikane kwa nafasi kutangazwa, usaili kufanywa na bodi, na jina kuthibitishwa na Bunge hadharani.

Mtaniambia hili la uteuzi ni gumu kuliko la fedha. Ni gumu, nami naliweka mbele kwa makusudi. Mkono mtupu haulambwi, na shirika lisilo na fedha haliwezi kuwa huru. Lakini fedha ikitangulia kabla ya uhuru, hakuna atakayekuwa na haraka ya kuuleta uhuru.

Wanafunzi wa sheria mliomo humu, rasimu ya muswada huo haihitaji kusubiri wizara. Iandikeni, muilete hapa tuijadili. Na wabunge watakaousoma mhadhara huu ukichapwa nawaomba neno moja: hadi mfuko huo na utaratibu huo wa uteuzi vipate sheria, kaya ya Tanzania isitozwe shilingi hata moja kwa jina la televisheni ya taifa.