Kuunda Kompyuta ya Gemu Kando ya Bahari: Stima Kwanza, Kadi Baadaye

Mazungumzo kwa vijana na wazazi wa Kaunti ya Kilifi

Mazungumzo haya yanahusu kompyuta ya gemu, na wazazi wanaombwa wasiondoke kwa kusikia neno gemu. Mashine inayoweza kucheza gemu kubwa ndiyo hiyo hiyo inayohariri video za harusi, inayochora ramani za nyumba na kufanya kazi za mtandaoni. Tena si kila anayecheza anapoteza wakati. Mwaka 2018 Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana katika mchezo wa Tekken kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya wachezaji wa kulipwa kutoka Marekani. Linalostahili kuwatia wazazi wasiwasi ni akiba ya kijana kuteketea ndani ya kasha la bati kwa siku moja, jambo ambalo Pwani halihitaji bahati mbaya kubwa ili litokee.

Chukulieni kijana mmoja wa Shella, mjini Malindi. Amefanya kazi msimu wote wa kaskazi, wageni walipokuwa wengi ufuoni, akaweka pesa kidogo kidogo. Sasa anataka kuunda mashine yake mwenyewe, kipande kwa kipande. Anafungua simu, anatazama video za vijana wa Ulaya, anaandika orodha. Juu kabisa anaweka kadi ya michoro, ile inayotengeneza picha za gemu. Kisha prosesa, memori, diski ya SSD, na kasha la vioo lenye taa za rangi. Pesa zikishakwisha ndipo anakumbuka pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachopokea stima ya ukutani na kuigawa kwa vipande vingine vyote. Hicho ananunua kwa chenji iliyobaki.

Kwa mtu wa Berlin orodha hiyo haina ubaya mkubwa. Kwa mtu wa Shella imekaa miguu juu.

Stima ya Kenya ni volti 240 kwenye karatasi. Ukutani hupanda na kushuka, hasa jioni watu wote wanapopika na kuwasha feni. Wengi wanakumbuka usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, nchi karibu nzima ilipozama gizani, na Desemba 10 mwaka huo huo mambo yakajirudia. Giza lenyewe haliui kompyuta. Hatari iko katika dakika zile stima inaporudi, majokofu na mapampu ya mtaa mzima yakiwaka kwa pamoja, na volti zikiyumba kabla ya kutulia. Pawa saplai nzuri hujikata yenyewe ikaokoa vilivyo nyuma yake. Ile ya bei ya chini kabisa hufa, na wakati mwingine huondoka na madabodi na kadi ya michoro.

Kwa hivyo kijana aanze hapo. Ajumlishe wati: prosesa ya kawaida 65, kadi ya michoro ya daraja la kati kama RTX 3060 yapata 170, na vipande vingine 60 hivi. Jumla haifiki 300, lakini prosesa na kadi huvuta zaidi ya hapo kwa nukta chache gemu likipamba moto, basi pawa saplai ya wati 550 ya kampuni inayojulikana itamtosha bila kuhema. Atafute alama ya 80 Plus, inayoonyesha kwamba angalau asilimia 80 ya stima inayoingia hufika kwenye vipande badala ya kupotea kama joto. Alama hiyo haisemi kila kitu, na lebo hughushiwa. Mafundi wa zamani hukipima kisanduku mkononi kwanza: kilichoandikwa wati 600 lakini chepesi kama mkebe mtupu, wanakirudisha rafuni.

Halafu kuna waya wa ardhi. Anayegusa kasha la kompyuta akahisi anachomwa na visindano, nyumba yake inamwambia kwamba soketi haina waya wa ardhi, au umekatika mahali. Nyumba nyingi za kupanga ziko hivyo, na plagi za pini mbili zinazounganishwa kwa ekstensheni huzidisha. Ekstensheni ya kuzuia mruko wa stima haifanyi kazi yake kamili bila waya huo, hata ingegharimu kiasi gani. Kazi hii afanye fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Mwenye nyumba akikataa kulipa, wapangaji wachange. Gharama yake ni ndogo kuliko kadi moja iliyoungua, na kuna watoto wanaogusa jokofu kwa mikono yenye maji.

Anayeweza kununua UPS asome vizuri maandishi yake. Iliyoandikwa VA 650 mara nyingi hubeba karibu wati 360 hadi 390 tu, na kazi yake ni kumpa mtu dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Asiye nayo achomoe plagi stima ikikatika, na angoje dakika kumi baada ya kurudi.

Adui wa pili ni chumvi. Kila mama wa Pwani anajua chumvi ya jikoni inavyolowa masika yakiingia. Sababu ni kwamba unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 75, chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani hadi ikayeyuka. Upepo wa bahari hubeba chembe hizo hizo hadi ndani ya nyumba. Feni ya kompyuta inazivuta pamoja na vumbi, zinatulia juu ya madabodi, na mashine ikikaa wiki mbili bila kuwashwa, zinalowa na kupitisha stima mahali isipotakiwa. Mtu anarudi safarini, anabonyeza, kimya. Fundi anamwambia madabodi imekufa, kumbe ilikufa polepole tangu mwezi jana. Mabati ya nyumba za ufuoni yanaliwa na kutu kwa hewa hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba kutu ya mabati inaonekana.

Dawa yake si ghali. Mashine isiwekwe mbele ya dirisha linalotazama bahari, wala sakafuni. Iwashwe angalau kwa saa moja kila siku chache, maana joto lake hukausha unyevu. Kila miezi mitatu ifunguliwe na kusafishwa kwa brashi laini kavu. Uchafu ulioganda huondolewa kwa spiriti ya aisopropili yenye nguvu ya asilimia 99, kisha mashine iachwe ikauke kabisa. Wapo wanaoibeba hadi kwa fundi wa pancha apulize kwa kompresa. Wasifanye hivyo. Hewa ya kompresa ile hutoka na matone ya maji na mafuta, na feni ikipulizwa ikazunguka kwa kasi kuliko uwezo wake huvunjika. Faida moja tu unyevu wa Pwani unayo: ile stima tuli inayoua memori katika nchi za hewa kavu ni haba huku. Hata hivyo fundi mwangalifu hugusa chuma cha kasha kabla ya kushika kipande.

Vijana wengi hawaanzi na vipande vipya. Hununua kompyuta ya ofisini iliyotumika ng'ambo, kisha huongeza kadi ya michoro. Hiyo ni njia nzuri kwa mwenye mfuko mdogo, lakini ina mitego. Baadhi ya mashine hizo, zikiwemo aina nyingi za Dell OptiPlex na za HP, zina pawa saplai ndogo yenye plagi zisizolingana na za kawaida, hivyo kuibadilisha si rahisi. Zile nyembamba hukubali kadi fupi tu. Nafasi ya kadi kwenye madabodi hutoa wati zisizozidi 75, kwa hivyo kadi inayofaa ni kama zile GTX 1650 zisizohitaji waya wa ziada. Kijana apime kasha kwa rula kabla ya kulipa. Na adai risiti. Kadi inayouzwa barabarani kwa nusu ya bei huenda imeibwa, na kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu.

Kuunda kwenyewe ni kazi ya mchana mmoja. Makosa ni yale yale kila mara: vile vijiti vya shaba vinavyoinua madabodi isiguse bati vimesahaulika, waya wa stima ya prosesa haukuchomekwa, au karatasi ya plastiki imeachwa chini ya kipozeo na prosesa inachemka. Memori ya DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5, isipoingia, isilazimishwe.

Sasa mashine ikigoma. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu mtu hununua kipande kabla ya kujua kilichoharibika. Skrini ikiwa nyeusi huku feni zinazunguka, wengi hulaumu kadi ya michoro. Kwanza atazame waya wa skrini umechomekwa wapi, maana mara nyingi uko kwenye madabodi badala ya kwenye kadi. Kisha azime, achomoe stima, atoe memori zote na kusugua meno yake ya dhahabu polepole kwa kifutio cha penseli, afute kwa kitambaa kikavu, arudishe moja tu. Akiwasha ikakataa, ahamishie nafasi nyingine. Huku kwenye chumvi, zoezi hilo la dakika kumi hufufua mashine nyingi zilizokwisha kutangazwa maiti.

Isiyowaka kabisa, aanze na soketi, waya na pawa saplai. Aazime ya rafiki ajaribu kabla ya kununua. Kisanduku chenyewe asikifungue hata kama ni fundi wa kujifunza, kwani ndani yake hubaki stima ya kuua hata kikishachomolewa. Inayozima baada ya dakika kumi na tano za gemu inalia joto. Chumba chenye mabati bila dari mwezi wa Machi kikipanda nyuzi 10, vipande vya ndani hupanda karibu nyuzi hizo hizo. Vumbi litolewe, pesti ya joto juu ya prosesa ibadilishwe, kasha lisogezwe kutoka ukutani. Inayosahau tarehe kila ikizimwa inataka betri tu, ile ya mviringo ya CR2032 inayouzwa madukani kama betri ya saa.

Kijana akitaka kujifunza zaidi, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, na anayesomea kazi ya stima huko anaelewa nusu ya mambo haya tayari. Wazazi waulize katika chuo kilicho karibu nao ni kozi zipi zinazofundishwa kabla ya msimu wa kujiandikisha kupita.

Vipande vilivyokufa kweli visichomwe nyuma ya nyumba ili kupata shaba. Moshi wa waya na mbao za kompyuta una sumu ya risasi na nyinginezo, na upepo wa kusi unaupeleka moja kwa moja kwa jirani. Viwekwe kwenye gunia kavu, mbali na watoto, vipewe fundi anayehitaji vipuri. Pawa saplai iliyoungua, hata kama feni yake bado inazunguka, ikatwe waya kabla ya kutolewa nyumbani, ili asitokee mtu wa kumuuzia kijana mwingine.