Kodi na Maisha ya Kila Siku Marekani

Hotuba ya mwanachama mwenzetu mbele ya mkutano wa mwaka wa Wanafunzi wa Zamani

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wanachama wenzangu, na ninyi wanafunzi mlioketi huko nyuma mkiomba mzungumzaji asiwe mrefu:

Katibu wetu aliniandikia nije niseme machache juu ya maisha ya Marekani, nchi niliyofanyia kazi ya uhesabu kwa miaka mingi. Watu wengi wakiulizia nchi ile huulizia magari na majumba marefu. Mimi nimechagua kodi. Nimesikia mguno, lakini nivumilieni. Ukitaka kujua watu fulani wanaishije na wanapendeleana vipi, usitazame bendera yao; tazama nani anatozwa nini, na fedha hizo zinakwenda wapi.

Tuanzie dukani. Mgeni akiingia dukani Marekani huona bei imeandikwa kwenye rafu, akahesabu fedha zake sawasawa, kisha akifika kwa karani huambiwa kiasi kingine. Hajaibiwa. Ni kodi ya mauzo, ambayo huongezwa mwishoni. Kitu cha dola 10, mahali penye kodi ya asilimia 8, utakilipia dola 10 na senti 80. Kodi hii hutozwa na majimbo, kaunti na miji, wala si Serikali ya Shirikisho, ndiyo maana hubadilika ukivuka mpaka. Majimbo matano, yaani Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon, hayana kodi ya mauzo ya jimbo zima. Mengi katika yaliyobaki husamehe vyakula vya kupika nyumbani, na kwa sababu nzuri. Tajiri na maskini hutozwa asilimia ile ile, lakini maskini hutumia mshahara wake wote dukani, na tajiri huweka akiba. Kwa hiyo mzigo ulio sawa kwa maandishi hauwi sawa mabegani.

Sasa twende kazini. Kodi ya mapato ya Shirikisho ilipata msingi wake wa sasa mwaka 1913, Katiba iliporekebishwa kwa mara ya 16, kwa kuwa Mahakama Kuu ilikuwa imeibatilisha sheria ya namna hiyo mwaka 1895. Zamani mtu alilipa mwenyewe baada ya mwaka kwisha. Mwaka 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili, ilitungwa sheria ya kuwataka waajiri wakate kodi kila siku ya mshahara. Tangu hapo mfanyakazi hupokea kilichobaki. Mbali na kodi hiyo, hukatwa asilimia 6.2 kwa ajili ya pensheni ya uzeeni, mpango ulioanzishwa na sheria ya mwaka 1935, na asilimia 1.45 kwa matibabu ya wazee. Mwajiri naye hutoa kiasi hicho hicho. Mtu anayejiajiri, kama dereva wa teksi au fundi, hubeba pande zote mbili, yaani asilimia 15.3. Wengi wa ndugu zetu hushtukia jambo hili mwaka wa kwanza wa biashara.

Wanafunzi, chukueni kalamu, hapa pana hesabu. Kodi ya mapato hupanda kwa ngazi. Mwaka 2024, mtu asiye na mke wala watoto hakutozwa kwa dola 14,600 za kwanza. Dola 11,600 zilizofuata zilitozwa asilimia 10. Zilizofuata, hadi kufikia dola 47,150 za mapato yanayotozwa, zilitozwa asilimia 12. Zilizozidi hapo asilimia 22. Na ngazi ya juu kabisa ni asilimia 37. Wapo watu wazima, tena wenye elimu, wanaoogopa nyongeza ya mshahara wakidhani kwamba wakiingia ngazi ya juu, mshahara wote utatozwa kwa kiwango hicho. Si kweli. Mtu aliyepata dola 61,750 alikuwa ukingoni mwa ngazi ya asilimia 12, na kodi yake ilikuwa dola 5,426. Akiongezwa dola 1,000, ni hizo 1,000 tu zinazotozwa asilimia 22. Atalipa dola 220 zaidi na kubaki na 780, kabla ya makato mengine. Asiyejua hesabu hii huweza kukataa riziki yake kwa mkono wake mwenyewe.

Kila mwaka, kwa kawaida ifikapo tarehe 15 Aprili, kila mwenye mapato ya kutosha hupeleka fomu yake Idara ya Mapato. Huyo aliyekatwa zaidi ya deni lake hurudishiwa; aliyekatwa pungufu humalizia. Na wapo wanaopata zaidi ya walichokatwa. Tangu mwaka 1975 upo msaada wa kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini. Kwa mwaka 2024, familia yenye watoto watatu au zaidi iliweza kupata hadi dola 7,830. Kwa mama anayefagia maofisi usiku, fedha hiyo ni matairi ya gari, ni deni la pango, ni viatu vya watoto. Lakini hapewi asiyejaza fomu. Aidha, mtu asiye na fedha za kulipa asijifiche. Adhabu ya kutopeleka fomu ni asilimia 5 ya deni kwa mwezi, hadi kufikia asilimia 25. Adhabu ya kuchelewa kulipa ni nusu ya asilimia moja. Peleka fomu, kisha omba kulipa kidogo kidogo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichague habari hii mbele ya shule. Huko Marekani sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi ya nyumba na ardhi ya mahali penyewe. Mtaa wenye majumba ya thamani huwa na shule yenye maabara. Mtaa wa vibanda hupata kinachobaki. Katika mji wa San Antonio, Texas, wilaya ya Edgewood ilikaliwa na wafanyakazi, wengi wao wenye asili ya Meksiko. Mwaka wa masomo wa 1967–68 walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali, kiwango kilichozidi vyote mjini hapo, wakapata dola 26 kwa mwanafunzi. Majirani zao wa Alamo Heights walijitoza senti 85 tu, wakapata dola 333. Waliojinyima zaidi ndio waliopata kidogo.

Mwaka 1968 mamia ya wanafunzi wa Edgewood walitoka madarasani kudai walimu na vifaa. Wazazi, akiwamo fundi mmoja wa mabati aitwaye Demetrio Rodriguez, wakaenda mahakamani. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya nchi iliwashinda kwa kura 5 dhidi ya 4, ikisema Katiba ya Shirikisho haikuwapa haki hiyo. Hawakukata tamaa. Kesi nyingine ilifunguliwa katika mahakama za jimbo, na mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Texas ikaamua kwa kauli moja kwamba mpango ule ulivunja katiba ya jimbo. Mwaka 1993 ikatungwa sheria ya kuzitaka wilaya tajiri kuchangia maskini. Ugomvi haujaisha, lakini kumbukeni: ulianza na vijana wa umri wenu waliouliza fedha za shule yao zinakwenda wapi.

Nimalizie na wasia kwa watakaokwenda kusoma huko. Kwanza, mwanafunzi mgeni hupaswa kupeleka fomu kila mwaka, hata kama hakupata senti moja. Pili, katika miaka mitano ya kwanza, kwa kawaida hakatwi yale ya pensheni na matibabu ya wazee kwa kazi aliyoruhusiwa kufanya. Tazama karatasi yako ya mshahara, na ukikuta umekatwa, dai. Tatu, ukipata ukaazi wa kudumu au uraia, Marekani itataka kujua mapato yako ya dunia nzima, na raia wake humfuata popote anapoishi. Akaunti zako za nje zikizidi jumla ya dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, lazima uziarifu, hata ile uliyofungua hapa kwa ajili ya kuwajengea wazazi. Wengi hawaambiwi haya mpaka barua ya Idara ifike.

Ndugu Mwenyekiti, naona kengele ya chakula inakaribia, nami nilikuwa mwanafunzi hapa, najua maana yake. Wenye maswali wanione chini ya mti baada ya chakula. Nimekuja na fomu chache tuzijaze pamoja.